Ziplaini ya msitu wa Mabira: mama wa kilo 94 na mtoto wa kilo 26 wanaweza?

BintiShela, Malindi
Assalam aleikum ndugu zangu. Desemba tunakwenda Uganda, na watoto wameshikilia lazima wapite juu ya miti kwa ziplaini, yaani kuteleza wakining'inia kwenye waya, katika msitu wa Mabira, ule ulio kati ya Kampala na Jinja. Mama yetu ana kilo 94. Mdogo wetu wa miaka 9 ana kilo 26. Yupi wa kuhofiwa? Na sisi tuvaao buibui tuvae nini? Tafadhali msiniambie tu "msiogope". Nataka kujua chombo chenyewe kinavyofanya kazi.

MtuWaMakapi, Lamu
Waaleikum salaam dada. Wa kuangaliwa zaidi ni mtoto.

Waya una mteremko mdogo, kama mita 3 hadi 6 kwa kila mita 100, lakini haunyooki. Hulegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo pahali pa chini kabisa ni kabla ya kufika, na kipande cha mwisho mtu anakipanda kwa kasi aliyokuja nayo. Mwenye uzito hupanda. Mwepesi huliwa kasi na upepo, zaidi ukiwa wa omo, yaani unaomjia kwa mbele, akasimama mita chache kabla ya jukwaa, kisha kapi, lile gurudumu linalobingiria juu ya waya, likarudi naye nyuma hadi pale waya ulipolegea. Hapo hugeuka akatazama alikotoka, akaushika waya kwa mikono miwili na kujivuta kinyumenyume, mkono baada ya mkono. Mtoto wa miaka 9 hana nguvu hizo. Ombeni afungwe pamoja na muongozaji, wapite wawili.

Sehemu nyingi huanzia kilo 25 au 30 na kuishia 110 au 120. Mama yumo, ila pigeni simu kwanza. Kwake yeye jambo ni kasi ya kufikia: akunje magoti, asitangulize miguu kujizuia, na ataje uzito wake wa kweli ili wa jukwaani aiweke breki sawa. Kilo za kuficha humfikisha kwa kishindo.

FundiKamba
Naongeza upande wa vifaa, maana hapo ndipo watu hawatazami.

Mshipi: mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, usiwe tumboni. Mikanda ya mapaja iingie kiganja kilichonyooka, lakini ngumi isipite. Mtoto asiye na nyonga aongezewe mshipi wa kifua, la sivyo akipinduka kichwa chini anaweza kuchomoka.

Juu ya waya muwe na viungo viwili: kapi lenyewe, na kamba ya akiba yenye karabina yake, ile pete ya chuma yenye mlango wa kufunga. Jukwaani pia, kabla ya kufunguliwa kimoja, kingine kiwe kimeshafungwa. Karabina ya kukaza kwa skrubu ibonyezeni kwa kidole: ikifunguka, haijakazwa.

Breki ya mkono, pale inapotumika, hukaa NYUMA ya kapi. Kiganja chenye glavu ya ngozi huuvuta waya kuelekea chini, bila kuukumbatia. Ukiweka mkono mbele, kapi hupita juu ya vidole. Huu ndio msiba wa kawaida, na huja kwa sababu mtu akiona jukwaa linamjia hunyoosha mkono mbele bila kufikiri. Mwambieni kila mtu kabla hajapanda.

Tazameni na mti. Kati ya waya na gome pawe na vipande vya mbao. Waya ukikaba gome, mti hufa polepole na ule waya unabaki umefungwa kwenye kigogo kinachooza. Kwa unyevu wa msitu ule kutu huanzia chini ya vibano, kwa hiyo ulizeni daftari la ukaguzi wa kila siku. Muongozaji mzuri hulileta bila kununa.

BintiShela, Malindi
Ahsanteni sana. Na mvua je?

MtuWaMakapi, Lamu
Nendeni asubuhi. Pande za ziwa Victoria mawingu hujaa mchana hata Desemba. Waya ukilowa glavu huteleza, breki hupungua. Ngurumo ikisikika, shukeni. Ule ni chuma juu ya miti mirefu.

UmmuSalma
Dada, buibui liacheni garini. Kitambaa kinachopepea hunaswa na kapi. Vaeni suruali pana isiyobana, na juu yake kanzu fupi ya mikono mirefu inayofika magotini. Mshipi utaikusanya mapajani, basi ichaneni pembeni au iwe na mpasuo. Kichwani kofia ya kubana ya ndani ya hijabu, mtandio mfupi umechomekwa shingoni, bila pini, halafu kofia ngumu juu. Viatu vya kufungwa kamba. Ndara zitabaki msituni. Simu mfukoni mwenye zipu.

Na msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda huitaka, na sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.