Boriti za daraja zimeanza kubanduka zege: kitambaa cha kaboni kinatosha?

BoritiNne: Wakuu, habari za kazi. Kuna daraja dogo la zege hapa Dar, jirani na bahari. Chini ya boriti zege limebanduka, nondo ziko wazi na zimevimba kutu. Katikati kuna nyufa za wima, na karibu na egemeo (pale boriti inapokalia) kuna nyufa za mshazari. Pendekezo lililopo: kupiga plasta palipobanduka, kisha kubandika kitambaa cha nyuzi za kaboni tabaka mbili chini ya boriti. Itadumu?

Nondo16: Mkuu, kwa mpangilio huo haitadumu. Kaboni haitibu kutu. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo hulisukuma zege kutoka ndani, na kitambaa kitashuka na zege lake likiwa limeganda mgongoni.

Watu hutaja daraja la Ibach kule Lucerne, Uswisi, mwaka 1991: kilo 6.2 za kaboni zilifanya kazi ya kilo 175 za chuma. Ni kweli, lakini pale kebo ya chuma ilikatwa kwa bahati mbaya wakati wa kutoboa. Ugonjwa wenu ni chumvi.

Anzeni na nyundo. Gonga boriti yote. Panapolia kama mtungi mtupu pachorwe. Chimbeni hadi nyuma ya nondo, kidole kipite, isugueni nondo kwa mchanga unaorushwa kwa hewa mpaka chuma king'ae, halafu mpime kipenyo kilichobaki. Chukueni unga wa zege kwa vina tofauti ukapimwe kloridi, yaani hiyo chumvi. Kujazia ni mota ya kukarabatia zege. Plasta ya mchanga na saruji msiiguse.

Na mhandisi apige hesabu hii kwanza: bila kaboni kabisa, boriti ibebe mara 1.1 ya uzito wake wa kudumu na mara 0.75 ya mzigo wa magari. Ndiyo kanuni ya mwongozo wa Marekani, ACI 440.2R. Moto ukiwaka chini ya daraja, gundi ndiyo ya kwanza kulegea. Boriti ikishindwa hesabu hiyo, kaboni si jibu.

BoritiNne: Nimekupata mkuu. Na zile nyufa za mshazari?

Nondo16: Kitambaa cha chini husaidia tu boriti isipinde. Mshazari karibu na egemeo ni dalili ya mkato (nguvu inayotaka kuikata boriti karibu na egemeo), unaohitaji vipande vya umbo la U, vikipanda mbavuni pande zote mbili. U hizohizo ziwekwe pia kwenye ncha za kitambaa cha chini, kwa sababu kubanduka mara nyingi huanzia nchani.

Epoksi_Pwani: Naongezea upande wa kubandika, ndipo kazi nyingi hufia.

Ufa unaozidi milimita 0.3 udungwe epoksi (gundi ya kuchanganywa) kwanza. Kona zote za U zisagwe kwa grainda ziwe na mviringo wa nusu kipenyo milimita 13 au zaidi. Kona kali hukata nyuzi. Kisha jaribio la kuvuta: gundisha kisahani cha milimita 50, kivute. Zege lihimili megapaskali 1.4, yaani karibu kilo 280 kwa kisahani hicho. Likichomoka mapema, rudini kwenye kuchimba.

Hewa ya Dar ni mtihani. Kwa nyuzi joto 30 na unyevu asilimia 80, umande hutunga kwenye nyuzi 26 hivi, na uso wa zege unatakiwa uzidi hapo kwa nyuzi 3. Asubuhi, tumbo la boriti linaweza kuwa chini ya hapo: ukilishika kavu, kumbe lina jasho. Subirini lipate joto. Epoksi nayo ichanganywe kidogokidogo na kumwagwa kwenye trei pana, maana ikirundikana ndooni hujipasha yenyewe na kuganda.

Rola ipite kwa uelekeo wa nyuzi, hewa itoke. Ikishakauka, gonga kwa sarafu: uwazi wa chini ya milimita za mraba 1,300 unavumilika ukiwa wa hapa na pale, uliozidi 16,000 ukatwe na kuwekwa kiraka.

Kaboni isigusane na nondo, itaongeza kutu. Palipo na hatari hiyo, tangulizeni tabaka la nyuzi za kioo. Mwishoni rangi ya kukinga jua, hasa kwenye boriti za pembeni.