Naombeni ushauri: msamaha wa kodi ya jengo kwa mzee, hati ina jina la marehemu
Habari zenu wakuu, nimekwama hapa. Bi mkubwa ana miaka 71, anaishi kwenye nyumba yake, na kwa umri huo anastahili kusamehewa kodi ya jengo ila hati ya nyumba bado inasoma jina la marehemu mzee na vyumba viwili vya uani kapangisha, ndo vinamlisha. Nimepeleka kitambulisho chake na risiti za kodi ya jengo, watu wa ofisi ya kodi wakasema mwombaji lazima awe mmiliki kwenye hati, na mirathi ndo kwanza tumefungua, mnajua zinavyokwenda.

Je barua ya usimamizi wa mirathi inatosha au mpaka hati ibadilishwe jina? Na wapangaji wanamfutia msamaha wote au anatozwa sehemu yao tu? Kuna anayesema aombe kuahirishiwa malipo ya hiyo kodi, ila hilo si deni linabaki kwenye nyumba jamani, silipendi.