Mwanangu (14) anatishiwa na "skauti wa mpira" wa mtandaoni, nianzie wapi?

Mama Wawili
Habari zenu wana jukwaa. Naandika mikono inatetemeka. Kijana wangu yuko kidato cha pili, mpira kwake ndio kila kitu. Miezi miwili iliyopita alifuatwa mtandaoni na mtu anayejiita skauti wa akademi. Akamsifia, akawa anamrushia bando, wakahamia WhatsApp. Akaambiwa asimwambie mtu mpaka "mkataba ukamilike". Zilianza picha za kifua wazi "kupima mwili", zikaishia kwenye picha ambazo siwezi kuzitaja. Sasa anataka nyingine, pamoja na 50,000, la sivyo anazimwaga kwenye grupu la darasa.

Nilishtuka aliponiomba hela ya mchango wa shule, mwalimu akasema hakuna mchango. Usiku nikamkuta kajifungia chooni gizani, simu kaiviringisha kwenye taulo asiisikie ikiita. Nilipe? Nifute kila kitu?

Kibo77
Chapa kwanza, nyang'anya simu. Watoto wa siku hizi wanajitakia.

Mwl. Rehema
Hapana kaka. Huyo mtu lazima ameshamwambia "mama yako akijua umekwisha". Fimbo itathibitisha maneno yake, na mtoto hatakwambia kitu tena. Dada, leo lala naye chumba kimoja. Akitamka kwamba bora afe, usichukulie ni maneno tu.

Ustawi Mstaafu
Usilipe, akionja hela anarudi. Usifute pia. Piga skrinshoti za vitisho, jina la akaunti, tarehe, na hasa namba anayotaka utumie pesa. Laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo hata kama katumia ya mtu mwingine, polisi wana pa kuanzia. Ukishahifadhi, msimjibu tena. Nenda kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Ukikwama piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure.

Jambo moja watu hukosea: picha zenyewe usimrushie mtu, hata mjomba wake "aone ushahidi". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za namna hiyo za mtoto. Peleka simu yenyewe.

Fundi Simu Mbeya
Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Inatengeneza alama ya picha, yaani namba ya kuitambua, ndani ya simu, picha yenyewe haitoki, kisha mitandao kama Instagram na TikTok hutumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Hawaulizi jina.

Kibo77
Basi mwiteni mahali tumkamate wenyewe.

Ustawi Mstaafu
Mkikosea mtu je? Akishtuka, anavunja laini na kuhamia kwa mtoto mwingine.

Mama Wawili
Mrejesho: jana tulikwenda. Askari wa kike alimpa kijana kiti, akaanza kumwuliza anacheza namba ngapi. Hapo ndipo alipolia, akasema yote. Tumeambiwa turudi Jumatatu. Usiku kala sahani mbili. Ila baba yake anarudi kesho kutoka safari, na najua mkono wake ulivyo mwepesi. Nimwambieje?

Mwl. Rehema
Mpokee stendi, mtoto abaki kwa jirani. Usianze na picha. Mwonyeshe pale kijana alipoandika "kaka naomba uzifute", asome alivyoomba mara ngapi. Halafu ndipo mwende nyumbani.