Mliosomea upasuaji tupeane uzoefu: mafunzo yalikuwaje na mkaishia wapi?

Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa kwanza wa urezidenti (mafunzo ya ubingwa) wa upasuaji, mwezi wa saba huu, na kazi yangu kubwa mpaka leo ni kushika retrakta (kile chuma cha kuvuta kingo za kidonda) na kukata nyuzi, na hizo nyuzi zenyewe nikikata ndefu kosa, nikikata fupi naambiwa fundo litaachia. Mliotangulia semeni ukweli, kisu mtu anapewa lini? Na ukimaliza kazi zipo au tunajifariji tu?

*

Hahaha dogo umenikumbusha mbali. Mimi kisu cha kwanza nilipewa saa tisa usiku, operesheni ya appendiksi (kidole tumbo), bosi kakaa pembeni kakunja mikono. Nikafungua vizuri, naingiza kidole, appendiksi hakuna. Dakika kumi natafuta, jasho mpaka nesi ananifuta uso, moyoni nasema huyu labda kazaliwa bila. Bosi wala hakunyanyuka, akauliza tu "tenia umeiona?" Tenia ni ile mistari 3 ya misuli juu ya utumbo mpana, ukiifuata kushuka inakutana pale appendiksi inapoanzia. Nikafuata, hiyo hapo, imejibanza nyuma ya sekamu (pale utumbo mpana unapoanzia). Mpaka leo sijawahi kuikosa tena. Ila kushika retrakta usikudharau, anayeshika vizuri ndiye anayeona kinachofanyika ndani, mwenye kusinzia haoni kitu (nishawahi kusinzia nimesimama, inawezekana kabisa).

*

Mi naleta la upande wa pili, maana hapa kila mtu atahadithia ushindi. Mwaka wa tatu tulimkata mzee utumbo tukauunga, mshono nilipiga mimi bosi akisimamia. Siku ya tano usiku niko zamu naitwa, mapigo yanakimbia 120, homa kidogo, tumbo bado laini. Nikaandika maumivu ya kidonda, nikampa dawa, nikaenda kulala. Asubuhi kwenye raundi bosi kamshika mkono hata dakika haijaisha, akasema andaeni thieta. Mshono ulikuwa umeachia. Alipona, ila alikaa na mfuko wa choo tumboni miezi, na kile kikao cha kujadili vifo na madhara nilisimama mbele nikasoma maandishi yangu mwenyewe ya ule usiku. Hakuna aliyenifokea, bora wangenifokea. Sasa hivi mgonjwa aliyeungwa utumbo mapigo yakienda mbio bila sababu, silali.

*

Dada mmoja hapa, nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye kundi letu. Mwaka wa nne nikapata ujauzito, nasimama operesheni za saa sita miguu imevimba, naulizwa "una uhakika na fani hii?" Wenzangu wa kiume walipata watoto kipindi hicho hicho, wakaletewa pongezi tu. Saa za kazi nazo ni balaa, Marekani waliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki tangu 2003 na kwao hiyo ndiyo nafuu. Nimemaliza, ni bingwa wa upasuaji wa watoto, sijutii ila sisahau.

*

Kuhusu ajira dogo: hospitali kubwa wamejazana, ndogo wanakutafuta kwa tochi ila huko utafanya kila kitu, leo henia (ngiri) kesho utumbo uliojisokota, tena mara nyingi peke yako. Ukitaka kubaki kubwa itabidi ubobee, na hiyo ni miaka mingine juu ya hii. Jifunze laparoskopi (upasuaji wa matundu madogo na kamera) mapema. Na logibuku (daftari la operesheni zako) jaza siku hiyo hiyo, ulichoangalia, ulichosaidia na ulichofanya mwenyewe viwe mbalimbali, mimi nilirundika miezi minne nikaanza kujaza kwa kukisia, msimamizi akanishika kwa operesheni moja niliyoandika tarehe ambayo nilikuwa likizo. Aibu yake acha tu.

*

Asanteni sana wakuu, na dada pia. Kesho kuna henia, nimeambiwa nitafunga ngozi. Toka jioni napiga mafundo kwenye mguu wa meza, mke wangu ananiangalia tu.