Mradi wa taarifa za wagonjwa wa moyo: mzee atoe faili, damu au avae saa?

Mtoto wa Mikindani: Wadau wa Kusini salaam. Mzee wangu kaambiwa kliniki kuna mradi unaandikisha wagonjwa wa moyo, wanakusanya taarifa ili baadae mtu atibiwe kulingana na mwili wake, siyo dawa ileile kwa kila mtu. Kuna njia tatu: faili lake lisomwe tu, au faili pamoja na damu ya kupima vinasaba itakayohifadhiwa, au avae saa inayosoma mapigo na kutuma kwenye simu. Jibu linatakiwa wiki ijayo. Ipi bora?

Nesi Mstaafu: Mdogo wangu mbona hujasema mzee anaumwa nini? Presha, valvu, moyo kutanuka? Dawa gani? Na mradi ni wa nani, una kibali cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa?

Mnada Newala: Saa! Kuna mioyo inarukaruka usiku, asubuhi ukifika hospitali imetulia, ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ya pale kitandani haioni kitu. Saa inakaa nae muda wote.

Baba Somoe: Newala wewe upo mjini. Huku kwetu umeme ukikatika simu yenyewe inalala imezimika, hiyo saa nani ataichaji, na bando la kutuma analipa nani?

Mtoto wa Mikindani: Ana miaka 67, presha ya siku nyingi, wakasema moyo umetanuka. Anameza amlodipine ya presha na furosemide ya kutoa maji mwilini, zingine sijui majina. Fomu ya ridhaa ni ya Kiingereza, kibali sijakiona.

Nesi Mstaafu: Ya Kiingereza asisaini. Adai ya Kiswahili, asomewe mpaka aelewe, na aulize damu itakaa wapi na akitaka kujitoa inakuwaje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya na vinasaba kuwa nyeti, haziokotwi hivihivi.

Dada wa Mitwero: Mimi nasema faili tu, tena kopi. Mama yangu aliingia kwenye mradi kama huo, sitaji wa nani, wakaja vijana wazuri wana heshima wakabeba ECG zake na karatasi ya eko, ile picha ya moyo ya ultrasound, zile zenyewe siyo kopi, wakasema watarudisha, basi mradi ukaisha ofisi ikafungwa namba zao hazipatikani, mama akaja kuzidiwa miguu imevimba hawezi kulala chali, daktari anauliza moyo ulikuwa unasukuma kiasi gani mara ya mwisho hatuna cha kumwonyesha, ikabidi tumpandishe basi mpaka Dar kupima upya, na korosho bado hazijauzwa, hela tulikopa. Mpaka leo hakuna aliyetuambia zile taarifa zilimsaidia nani.

Mwalimu Chikongola: Pole sana dada, ila tukikataa wote tutaendelea kutibiwa kwa hesabu za wengine. Vipimo vya kukadiria hatari ya moyo vimejengwa sana juu ya watu wa Framingham kule Marekani, utafiti ulioanza 1948, karibu wote wazungu. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa CREOLE, Waafrika weusi 728 wenye presha, nchi 6. Ikaonekana mchanganyiko wenye amlodipine unashusha presha vizuri kuliko mchanganyiko wa perindopril na hydrochlorothiazide, nazo dawa za presha. Msumbiji hapo ng'ambo ya Ruvuma wamo, Kenya na Uganda wamo, sisi hatumo. Mimi ningetoa na damu.

Baba Somoe: Shikamoo Mwalimu. Kwa hiyo enalapril ya mke wangu si ndugu wa hiyo perindopril? Aache?

Nesi Mstaafu: Asiache! Utafiti ule ulikuwa wa presha. Moyo ukitanuka na kuchoka, dawa za jamii hiyo zina kazi nyingine kabisa. Aende na vidonge vyake kliniki aulize.

Mnada Newala: Mnaona sasa, saa mmeisahau.

Mtoto wa Mikindani: Nimesoma yote, asanteni. Mzee anataka faili tu, mdogo wangu anasema damu. Fomu ya Kiswahili nimeiomba, wamesema watatafuta.

Dada wa Mitwero: Wakati wanatafuta, piga picha kila karatasi ya mzee.

Baba Somoe: Hivi hospitali ya kanda pale Mitengo kipimo cha eko wanafanya siku gani? Nimpeleke mama Somoe kabla mnada wa korosho haujaanza.