Petroli ya mwaka jana kwenye tangi la boti: naitoaje salama?

Kijana wa Kitunda
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Baba mdogo ameniachia boti ya faiba, ipo juu ya mchanga huku Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini. Haijashuka majini tangu kusi ya mwaka jana. Mashine ni Yamaha 40, ile ya kuchanganya oili. Tangi ni la aluminiamu, limefungwa chini ya benchi la shetri, yaani la nyuma, na petroli imebaki karibu nusu. Nikifungua kifuniko nasikia harufu ya vanishi, na rangi imeiva. Wazee wa dikoni wanasema ninyonye kwa mpira. Rafiki yangu ana pampu ndogo ya betri ya kutolea maji. Nifuate lipi? Halafu kuna mshono unaovujavuja, nataka baadaye nilipeleke tangi kwa mchomeleaji.

Mvuvi Mtwara
Nyonya, tema, sukutua. Sisi ndivyo tulivyokua.

Nesi wa Kilwa
Hapana, tafadhali. Petroli ni nyepesi mno, mtu akipaliwa inaingia mapafuni, na kiasi kidogo tu kinayaunguza. Kikohozi na kubanwa pumzi vinaweza kuja saa kadhaa baadaye, wakati mtu ameshajiona mzima. Akimeza, msimtapishe, wala msimpe maziwa ili atapike, maana ikipanda tena ndipo inapopotea njia. Mpelekeni hospitali hata kama anasema hajambo.

Fundi Mikindani
Marahaba mwanangu. Sikiliza huyo nesi. Na pampu ya maji weka mbali kabisa, mota yake inatoa cheche.

Jambo la kulielewa ni mvuke. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi ukaondoka. Unashuka na kulala ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, huuoni, na cheche ya swichi inautosha. Ndiyo maana waya za betri unachomoa mwanzo, kabla hujagusa kifuniko chochote. Simu na sigara ziache nyumbani. Kisha fungua ngama yote, upepo upite.

Fanya asubuhi, boti ikiwa hapo hapo juu. Kusi inavuma vizuri sasa, itakusaidia, ila tazama inaupeleka wapi huo mvuke. Kama upande wa demani, kule upepo unakoelekea, kuna mama anakaanga samaki kwa kuni, mwombe amalize kwanza, wewe subiri.

Tafuta mpira wa mafuta wenye kile kipira cha kuminya, mshale wake uelekee kwenye dumu. Ncha moja izame hadi chini ya tangi, nyingine ifike chini ya dumu. Dumu likae mchangani, chini kuliko tangi. Ukiminya mara chache, petroli itashuka yenyewe. Usiliweke dumu juu ya benchi la faiba wala turubai, na usiache petroli imwagike kutoka juu, kwa sababu petroli ikipita mpirani inazalisha umeme, na dumu likikaa ardhini umeme huo unapungua. Usijaze mpaka shingoni, jua likipiga inavimba. Kando weka kizimamoto cha unga na ndoo za mchanga mkavu. Maji yanausambaza moto wa petroli.

Ile ya mwisho kabisa itie kwenye chupa inayoonyesha, iache itulie. Kama kuna maji utayaona chini.

Kijana wa Kitunda
Ahsanteni sana. Kuna jirani ameiomba achanganye na mafuta ya taa. Nimpe? Na tangi likishakuwa tupu, kesho yake naweza kulichomelea?

Fundi Mikindani
Yote mawili hapana, na hapa nakusihi.

Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka joto lifike kama nyuzi 38. Petroli inautoa hata kwenye barafu. Ukiitia kwenye koroboi au jiko la mafuta umeingiza bomu nyumbani mwa watu. Mnyime jirani, hata akikasirika. Usiimwage pia, hiyo miamba ndiyo akina mama wanachokoa pweza maji yakipwa. Funga dumu, liandike, lipeleke gereji inayopokea oili chafu.

Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Kinacholipuka ni mvuke ukichanganyika na hewa, takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mvuke, na tangi lililotoka kumwagwa linapita humo humo. Siku moja ya kuanika haitoshi, mishono inabaki na mabaki. Wanaojua kazi hii huosha kwa maji moto na sabuni, tena na tena, kisha hulijaza maji mpaka karibu na pa kuchomelea. Aluminiamu nayo haimtaki kila mchomeleaji. Mimi ningeling'oa, nikanunua tangi la plastiki la lita 24 la kubebeka, ambalo unalijazia nchi kavu.

Kabla hujawasha mashine safisha chujio na kabureta. Niambie chupa imeonyesha nini.