Wauzaji wa ngao za Demjansk, acheni kutuuzia mwaka na jina la kiwanda!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Jumamosi iliyopita nimetoa euro 190 kwenye gulio la vitu vya kale hapa Ujerumani ninakoishi. Nimenunua ngao ya Demjansk, ile ya bati iliyokuwa inashonwa kwenye mkono wa kushoto wa koti la askari wa Kijerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, karibu na bega. Kikadi chake kilisema ni kazi ya kiwanda cha Deumer cha Lüdenscheid, imetengenezwa 1942. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na huo mwaka, maana ndio unaoniudhi kuliko yote. 1942 imeandikwa kwenye ngao yenyewe, chini kabisa, baada ya ndege na panga mbili zilizopishana. Ni mwaka wa mapigano! Wajerumani walizingirwa na Wasovieti pale Demjansk, Urusi, Februari 1942, karibu watu 100,000, wakawa wanaletewa chakula na risasi kwa ndege, ndiyo maana ndege imo kwenye mchoro. Lakini ngao yenyewe ilianzishwa tarehe 25 Aprili 1943. Sasa muuzaji utuambie, kiwanda kiligonga vipi ngao ambayo ilikuwa bado haijaanzishwa? Hata ngao ya Krim, ile ya mapigano ya Crimea, ni hivyo hivyo: imeandikwa 1941 na 1942, ila ilianzishwa 25 Julai 1942, kwa hiyo anayekuuzia "Krim ya 1941" anakudanganya mchana kweupe.

Halafu jina la kiwanda. Ngao nyingi za aina hii hazina alama ya mtengenezaji. Anayetaka kujua zimetoka wapi analinganisha makosa madogo yaliyoachwa na chuma cha kugongea chapa: mstari uliokatika, herufi iliyopinda, tundu la bunduki kwenye ngome iliyochorwa upande mmoja lisilofanana na la ngome ya upande wa pili. Analinganisha na kipande ambacho asili yake inajulikana. Ni kazi ya macho na subira, watu wameifanya miaka mingi. Huyu bwana nilipomuuliza alama iko wapi akanijibu "inajulikana tu". Inajulikana kwa nani?

Nyumbani nikainua pembe ya kitambaa cha nyuma. Ngao ya kweli imegongwa kwenye bati jembamba, kwa hiyo ukiigeuza unaona tai, ngome na herufi zote zimebonyea kwa ndani. Yangu nyuma ni bapa, imejaa vitundu vidogo kama uji uliochemka ukaganda. Hiyo imemiminwa kwenye kalibu, haikugongwa. Kwa mbele herufi za DEMJANSK kingo zimelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Nikawasha tochi ya kukagulia noti bandia: uzi wote uling'aa buluu, kama uzi wa siku hizi. Najua tochi peke yake haitoshi, hata kitambaa cha zamani kilichofuliwa kwa sabuni ya siku hizi kinaweza kung'aa. Lakini ukijumlisha na ule mgongo bapa, hakuna cha kubishania.

Na msinielewe vibaya, sina ugomvi na ngao za baada ya vita. Sheria ya Ujerumani Magharibi ya 1957 iliwaruhusu maveterani kuvaa nishani zao bila swastika, na zile zilizotengenezwa kwa ajili hiyo ni historia pia, nakusanya hata hizo. Ugomvi wangu ni kuuziwa kitu cha juzi kwa bei ya 1943.

Jumamosi hii narudi pale na ngao, lenzi na tochi, nataka pesa yangu yote. Na nyie mnaouza humu: ukiandika jina la kiwanda, weka picha ya nyuma, kitambaa kikiwa kimeinuliwa, pamoja na kile kipande ulicholinganisha nacho. Huna? Andika "mtengenezaji hajulikani" na upange bei yako kwa hilo.